Shuka za Matroni

Mwalimu wa uchoraji aliondoka nyumbani Jumamosi hiyo na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu. Mama yake alikuwa ameshaoga, ameshakunywa uji, ameegemea mito kitandani, na jirani wa mlango wa pili alikuwa amekubali kukaa naye mpaka alasiri. Nje alisubiriwa na shoga yake mkutubi, tayari amevaa viatu vya kutembelea.

"Leo tunauzunguka mji mzima," mkutubi alisema. "Nyayo zisipowaka moto, sitasema nimeona sanaa."

Ilikuwa wiki ya sanaa ya mkoa. Majengo yaliyolala miaka nenda miaka rudi yalikuwa yamefunguliwa, yakafagiliwa, yakajazwa kazi za wasanii. Palikuwa na ukumbi wa maktaba, godauni la zamani la ngozi, na mwisho kabisa jengo la sinema lililofungwa tangu watu wahamie kutazama picha kwenye simu zao. Humo kwenye sinema ndimo alimoonyesha kazi yake mdogo wa kiume wa Mwalimu, yule ambaye nyumbani hakuitwa ila Kitinda, maana ndiye aliyefunga tumbo la mama yao.

Mwalimu alikuwa na sababu ya kujivunia mdogo wake. Mama yao alipopata kiharusi na upande wa kushoto ukalegea, kazi yote ilimwangukia binti: kuosha, kugeuza, kulisha, kubadilisha. Kitinda alikuwa akija, anasimama mlangoni, anaamkia, anaondoka. Lakini miezi ya karibuni alikuwa amebadilika. Kila Jumapili alikuja na mfuko mkubwa akasema, "Dada, umechoka. Nipe hizo shuka chafu, kuna dobi karibu na kwangu." Wala hakurudisha zile za zamani, alileta mpya kabisa, zenye maua. Mwalimu aliwasimulia wenzake ofisini mpaka wakamwambia basi, wamesikia, ana mdogo wa kuigwa.

Maktaba ilikuwa nzuri. Fundi mmoja wa bati alikuwa amekata ndege kutoka kwenye makopo ya mafuta akawatundika darini, na kila mlango ulipofunguliwa upepo uliwagonganisha kwa mlio mdogo, kama vijiko kwenye sahani. Mwalimu alisimama chini yao shingo ikamuuma. Alikuwa tayari anapanga moyoni ni darasa lipi atakalolileta.

Godauni lilikuwa jambo jingine. Harufu iliwapokea wangali barabarani. Ndani, chini ya taa moja kali, ngozi mbichi za ng'ombe zilikuwa zimerundikwa mpaka juu ya kimo cha mtu, zinachuruza maji meusi ambayo yalikusanyika kwenye mfereji sakafuni. Ubao ulisema kazi hiyo inaitwa *Taifa*. Watu walikuwa wameizunguka na leso puani, wanatikisa vichwa kama walio kwenye mahubiri.

"Msikimbie," alisema msimamizi wa maonyesho, mwanamume mwenye miwani ya mviringo na sauti laini kama ya mtu anayetangaza msiba. "Hicho kinyaa mnachokihisi ndicho kazi yenyewe. Msanii wa leo hapaki rangi, anapaka hisia."

"Basi jaa la mtaani kwetu linapaka hisia siku nyingi," mkutubi alisema, "na hakuna aliyewahi kulilipia kiingilio."

Mwalimu alicheka, lakini alijitahidi kutenda haki. Si yeye aliyekuwa akiwaambia wanafunzi kwamba si kila kinachostahili kuchorwa ni kizuri? Akazikazia macho zile ngozi. Funza mmoja mnene alidondoka kutoka ukingoni, akajinyonganyonga sakafuni, akaanza kujivuta kuelekea kwenye kiatu chake. Mwalimu akatoka nje. Alitema mate mara mbili na bado ladha ile ikabaki ulimini, kama ameilamba.

"Twende kwa mdogo wangu," alisema. "Nataka nisafishe macho."

Kwenye sinema viti vyote vilikuwa vimeng'olewa. Ukumbi ulikuwa giza, na kamba zilikuwa zimefungwa ukuta kwa ukuta kama za kuanikia nguo. Kwenye kamba hizo ziling'inia shuka, na nyuma ya kila shuka taa iliwashwa ili madoa yaonekane vizuri. Yalikuwa ya manjano na ya kahawia, na mengine yalikuwa mekundu yaliyokauka mpaka kuwa meusi. Mtu alikuwa amepita na penseli akalizungushia kila doa mstari, kama achoraye visiwa kwenye ramani. Hewa ilikuwa nzito kwa uvundo wa mkojo uliochacha.

Mwalimu hakuelewa mara moja. Alichokitambua kwanza ni pindo. Shuka moja ya kijivu ilikuwa na pindo lililoshonwa kwa uzi wa kijani, na uzi ule aliutia yeye mwenyewe, siku uzi mweupe ulipomwishia.

"Shoga," aliita kwa sauti ndogo. "Hizi ni za kwetu."

"Za kwenu nini?"

"Shuka. Hizi ni shuka za mama."

Mkutubi alitazama kamba ya kwanza, ya pili, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Katikati ya ukumbi palikuwa na kisanduku cha kioo. Ndani mlikuwa na kitana chenye nywele nyeupe zilizosokotana, kopo la kukojolea, na meno ya bandia yaliyokenua. Meno yale walikuwa wameyatafuta nyumba nzima. Walikuwa wameinua godoro na kukung'uta mito, na Mwalimu akatumbukiza mkono mpaka kwenye bomba la sinki. Tangu hapo mama yao alikuwa akila uji na viazi vya kupondwa, na kila mara akiomba radhi kwa uzee wake unaopoteza vitu ovyo.

Kisha pale kwenye pazia kubwa la sinema picha ikawaka. Mgongo wa mwanamke mzee, mpana kama ukuta, na mikono miwili inayoupitishia kitambaa chenye povu. Mwalimu alichelewa kutambua kwamba mikono ile ni yake. Akakumbuka simu ya Kitinda juu ya kabati, "inachajiwa, Dada, usiiguse." Spika zikatoa sauti yake mwenyewe, ile asiyoitumia mahali pengine popote: "Geuka kidogo, Mama. Hivyo hivyo. Pole, nimekuumiza?" Na mama akageuka, mbele ya watu wote, kifua wazi. Mwanamke ambaye marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba miaka yote ya ndoa hajawahi kumwona akivua soksi.

Karibu na shuka ya kijivu kijana mmoja alikuwa akimpiga picha mchumba wake.

"Sogea hapo kwenye lile kubwa. Karibu zaidi."

"Iiih! Likinigusa je? Bibi huyu naye alikuwa anakula nini?" Wakacheka, wakatazama simu, wakapiga tena.

Mwalimu, ambaye kila asubuhi alishika kilichotoka mwilini mwa mama yake bila kukunja hata pua, alikimbilia ukumbi wa mbele akatapika kwenye pipa la tiketi. Alitapika mpaka nyongo, mkutubi amemshika mabega.

Kitinda alikuja mbio na chupa ya maji. Alikuwa amevaa koti jipya lenye ua kwenye kola.

"Dada! Sikujua unakuja leo. Nilitaka nikuandae kwanza."

"Uniandae kwa lipi?"

"Ni kazi nzito, najua. Lakini watu wanalia mle ndani, Dada. Juzi mama mmoja amelia mpaka akakaa chini. Hii ni heshima kwa mama. Nimeonyesha kile kila familia inachoficha. Mficha uchi hazai."

"Ulimwomba ruhusa?"

"Mama wa sasa utamweleza nini akaelewa?"

"Mama alilegea mkono, hakulegea akili! Jana amenisahihishia hesabu ya umeme." Mwalimu alifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. "Umewahi kumwosha, wewe? Hata mara moja?"

Kitinda alitazama viatu vyake. "Siwezi. Unajua siwezi. Ile harufu inanishinda. Hata hizo shuka nilikuwa nazibeba na glavu, nazifungia kwenye nailoni. Kila mtu ana namna yake ya kumpenda mzazi, Dada. Wewe unaosha, mimi natazama."

Msimamizi wa maonyesho alikuwa ameshafika, mikono ameikunja mbele kama bwana harusi. "Mwalimu, naomba nikwambie kitu. Haya machozi yako, huku kutapika, ndiyo hasa kazi hii iliyokuwa ikiyatafuta. Wewe ndiye mtazamaji wake kamili."

Mwalimu alimtazama mtu yule. Kucha safi, shati limenyooka, pumzi ya pipi ya mnanaa. Alihisi kama funza wa godauni amemfikia hatimaye, anapanda mguuni ndani ya gauni.

"Usinisogelee," alisema tu, na akaondoka.

Jioni alimwosha mama yake chini ya shuka, kipande kwa kipande. Alikuwa ameutazama ukuta, juu ya kabati, nyuma ya pazia, kila mahali panapoweza kuketi simu.

"Nani kafa?" mama aliuliza. Tangu kiharusi maneno yake yalitoka polepole, kama anayechagua mchele, lakini yalitoka yote.

"Hakuna, Mama."

"Basi acha kuniosha kama maiti. Sema."

Kabla ya kustaafu mama huyu alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na wasichana wakisikia viatu vyake koridoni waliruka kutandika upya. Hakuna aliyewahi kumdanganya akafika mwisho wa sentensi. Mwalimu akakaa ukingoni mwa kitanda, kitambaa kinadondosha maji mapajani mwake, akasema yote: kamba, taa, penseli, mgongo kwenye pazia, wachumba waliocheka.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Jicho lake la kulia lilikuwa kavu. La kushoto siku hizi lilitoka machozi lenyewe, hivyo hapakuwa na kusoma kitu humo.

"Na meno yangu yako huko?"

"Yako huko."

"Nilikuwa naomba msamaha," mama alisema. "Kila nikila nilikuwa nawaomba msamaha." Kisha akavuta shuka kwa mkono wake mzima mpaka shingoni. "Kesho nipeleke."

"Mama, si mahali pa—"

"Nimesema kesho. Nitolee gauni la bluu. Na viatu, si ndara."

Kesho yake dereva wa teksi na mkutubi walimshusha mbele ya sinema, wakamweka kwenye kiti chake cha magurudumu. Alikuwa amevaa gauni la bluu lililopigwa pasi, kilemba, viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Mwalimu alikisukuma kiti polepole. Ndani palikuwa na watu wengi kuliko jana, sauti za chini, mianga ya simu. Kitinda alikuwa akimweleza jambo mwanamke mwenye kalamu. Alipogeuka na kuona ni nani, alirudi hatua moja nyuma.

Mama hakumwamkia. Alinyoosha kidole: mbele. Akapitishwa kamba moja baada ya nyingine, kichwa kimeinuka, jinsi alivyokuwa akipita kati ya vitanda vya bweni. Akalitazama pazia, mgongo wake ulikuwa ukisuguliwa pale juu. Akautazama mpaka picha ikaisha na kuanza upya. Watu walikuwa wameshaanza kuunganisha sura ya kwenye pazia na sura ya kwenye kiti, na minong'ono ikafa yenyewe. Kijana mmoja aliyekuwa anarekodi akaiteremsha simu taratibu.

Mama akaziba pua.

"Harufu hii si yangu," alisema kwa wote. "Mimi naogeshwa asubuhi na jioni. Shuka zangu zilikuwa zinafuliwa siku hiyo hiyo. Hii ni harufu ya mtu aliyefungia uchafu kwenye nailoni akauweka mvunguni. Kitinda!"

"Labeka, Mama." Lilimtoka kama enzi za utoto, mwanamume mzima mwenye ua kifuani.

"Zima hiyo picha. Kisha uziteremshe hizi, ukazifue."

"Mama, tukazungumze nje. Kuna mambo hapa ya makubaliano, wiki haijaisha. Nilisema tu kwamba mficha uchi hazai, kwamba—"

"Mimi nimeshazaa," mama alisema. "Nimezaa wawili. Sasa nifunikeni."

Mwanamke mwenye kalamu aliifunga. Kitinda alimtazama msimamizi, msimamizi akaitazama dari, na hatimaye Kitinda akaenda kwenye mashine nyuma ya ukumbi akaizima. Pazia likabaki jeupe.

Aliteremsha shuka ya kwanza kwa ncha za vidole. "Kwa mikono yako," mama alisema, na yeye akaikumbatia. Mkutubi alikuwa ameshampata mfagizi wa jengo, na kutoka stoo likatoka beseni kubwa na kipande cha sabuni. Uani, nyuma ya sinema, palikuwa na bomba. Kiti cha mama kikawekwa kivulini, mbele kabisa.

Kitinda alivua koti. Alitumbukiza shuka, maji yakageuka rangi ya chai, na mvuke wa ule uvundo ukampanda usoni. Akageuka pembeni akajaribu kutapika tumbo tupu, mara moja, mara mbili, ute unaning'inia mdomoni.

"Sugua katikati," mama alisema. "Usiibembeleze, si mtoto."

Akasugua. Machozi yalimtoka, na Mwalimu, aliyesimama nyuma ya kiti, aliyachunguza machozi hayo kwa makini kabisa. Alitaka sana kuona toba. Aliona kichefuchefu. Ndivyo alivyolia Kitinda tangu utotoni, akilazimishwa kumeza dawa. Mwalimu akagundua kwamba yeye naye anakereka, si na maji yale, bali na shingo ile iliyokunjamana kwa karaha juu ya beseni, karaha kwa mwili uliomleta duniani.

Msimamizi wa maonyesho alikuwa amewafuata. Alisimama mlangoni, akainua simu polepole, uso umeng'aa. "Hii ni ajabu," alinong'ona. "Hii ndiyo sehemu ya pili ya kazi."

Mkutubi alimsimamia mbele, kifua kwa kifua. "Piga picha ya kitufe changu hicho. Hakina mama."

"Wewe mwenye simu," mama aliita kutoka kivulini. "Mama yako yuko wapi?"

Msimamizi alishtuka. "Mimi? Alishafariki, Mama. Miaka mingi."

"Basi amepumzika."

Yule mwanamume akairudisha simu mfukoni na kuingia ndani.

Shuka zilifuliwa zote. Zilifuliwa vibaya, mbili mama alizirudisha bombani zikafuliwa upya, na mistari ya penseli haikutoka kabisa. Mwalimu na mkutubi walizikamua, wakazifunga pamoja. Kisanduku cha kioo kilifunguliwa, vitu vikachukuliwa. Kitinda alibaki amechutama kando ya beseni, mikono imekunjamana kwa maji, ananusa vidole na kuvisogeza mbali.

"Mama, nisamehe," alisema walipokuwa wanaondoka.

"Nimesikia," mama alijibu, na akamwashiria dereva.

Chumba kile cha sinema kilibaki kimefungwa mpaka wiki ikaisha. Tuzo ya mkoa ilikwenda kwa zile ngozi. Nyumbani, Mwalimu aliyachemsha meno mara tatu, akayaweka kwenye maji ya chumvi, akayaleta kwenye kisahani safi. Mama aliyatazama akasema hawezi kuvitia mdomoni vitu vilivyopumuliwa na mji mzima, hata vichemshwe kwa moto wa jehanamu. Ikabidi waende kwa fundi wa meno mama apimwe upya. Alipopata mapya, chakula cha kwanza alichoomba ni mahindi ya kuchoma, akatafuna bila kusema na mtu mpaka gunzi likabaki wazi.

Kitinda hakuonekana kwa muda. Kisha alituma ujumbe akiuliza kama anaweza kuja. Mwalimu alimsomea mama.

"Aje," mama alisema. "Ni mwanangu, nitamtupa wapi? Lakini simu aiache nje kwa jirani. Na mgongoni hanigusi."

Akaja Jumapili, bila koti, amebeba matunda. Aliketi kwenye kiti karibu na kitanda, si mlangoni, na hilo Mwalimu aliliona. Mama alimpa gazeti amsomee. Akasoma habari za bei ya saruji, za ajali, za mpira. Mama akamkosoa matamshi. Mara moja wakacheka wote wawili. Mwalimu alimletea chai, na Kitinda alipopokea, vidole vyao vikagusana. Mwalimu alijifuta kwenye gauni kabla hajajua anafanya nini. Kitinda aliona.

Alipoondoka, Mwalimu alikwenda jikoni kuosha vyombo. Alikiosha kikombe cha mdogo wake, akakisuuza, akakiosha tena. Kisha akasimama nacho mkononi mbele ya rafu mahali vilipopangwa vikombe vingine vya nyumba. Akasikiliza mama yake chumbani akijisomea gazeti lililobaki. Akakiweka rafu ya chini, karibu na mafuta ya taa, peke yake.